Pesa za korosho zimeingia mara mbili. Hii ni neema, au nimepewa mtihani?

#1 Mama_wa_Bondeni
Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni mjane, mkulima wa korosho huku wilaya ya Tandahimba. Kuandika si kazi yangu, mnivumilie.

Mwezi uliopita nilipeleka kilo 375 ghalani. Baada ya mnada na makato yao yote ikabaki 3,060 kwa kilo, jumla 1,147,500. Jumanne asubuhi meseji ya benki ikaingia, pesa ipo. Nikashukuru, nikabeba jembe nikaenda zangu. Saa nane mchana ikaingia meseji nyingine. Kiasi kilekile, mpaka mia tano ya mwisho.

Sasa sikilizeni kinachoninyima usingizi. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alipougua jumuiya nzima ilihamia uani kwangu, rozari asubuhi, rozari jioni. Akafa. Tangu hapo kanisani nakwenda, nasimama wenzangu wakisimama, naketi wakiketi, ila kuomba siombi. Midomo inacheza tu. Hata mwenyekiti wetu wa jumuiya hajui, maana mchango natoa.

Jumapili ya kabla ya hiyo Jumanne binti yangu alipata habari kwamba amechaguliwa chuo cha uuguzi. Ada ya kuanzia na vifaa ni kama laki tisa, na hela yangu ya korosho ilikuwa na madeni yake tayari: salfa, vibarua wa palizi, bati la jikoni. Usiku ule nikapiga magoti, mara ya kwanza tangu msiba. Nilisema, "Kama upo, unaniona." Sikuongeza neno.

Siku mbili, pesa mara mbili. Nijibuni taratibu, hii ni neema?

#2 Uraka_Baridi
Nakaa kiti cha mbele. Karanga ziko wapi?

#3 Mjoli_wa_Magomeni
Amina mama! Nimesisimka mwili mzima. Umeomba Jumapili, Jumanne mbingu zimefunguka, halafu unauliza? Malaki 3:10: "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu, mkanijaribu kwa njia hiyo, asema Bwana wa majeshi." Toa zaka yako, 114,750 kwa hiyo ya pili, simama kanisani ushuhudie, mpeleke mtoto chuo. Shetani asikuibie ushuhuda wako kwa maswali.

#4 Karani_Mstaafu
Nimekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika huku kusini tangu stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala na mnada, inaanza msimu wa 2007/2008, basi niseme ya dunia kwanza, ya mbinguni wapo wenyewe.

Chama kinaandaa orodha: jina, namba ya akaunti, kilo, kiasi. Mnunuzi akishalipa, orodha inakwenda benki, na benki inalipa mstari kwa mstari. Kiasi kikiwa kilekile kabisa, kuna mambo mawili. Ama mstari wako umeandikwa mara mbili kwenye orodha, ama benki imeipitisha orodha mara mbili. Ingekuwa ya pili, kijiji kizima kingekuwa na meseji mbili na ungesikia vigelegele mpaka Mahuta. Kwa hiyo ni mstari wako.

Fedha ya orodha ina jumla yake haijiongezi. Ukilipwa mara mbili, kuna mtu wa chini ya orodha ataambiwa "subiri". Mama usiiguse. Benki wakiona kosa wana uwezo wa kuirudisha wenyewe, na ukiwa umeshaitumia ndipo mambo yanapokuwa mabaya.

#5 Uraka_Baridi
Mjoli hapo #3, zaka ya hela ya mtu mwingine inaingia ghala gani? Naona hata mbinguni siku hizi wanapokea bila kupima unyevu.

#6 Mjoli_wa_Magomeni
Cheka tu kaka. Mungu anatumia njia yoyote. Aliwahi kutumia kunguru kumlisha Eliya, atashindwa kutumia karani aliyesinzia?

#7 Katekista_Nyangao
Tumsifu Yesu Kristo. Mama, pole na msiba, haujawa wa zamani huo.

Ndugu Mjoli, kunguru wa Eliya hawakupora sahani ya mjane. Tena hesabu yako ukiitazama ni bei: nimetoa kumi, nimepata mia. Neema tunayoifundisha katekisimo haina bei. Waefeso 2:8 na 9, "kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Pale hakuna shilingi. Ni Mungu kujitoa mwenyewe kwa mtu asiyestahili. Mama, mimi naiona neema Jumapili usiku ulipopiga magoti, sio Jumanne.

#8 Mama_wa_Bondeni
Asante katekista. Lakini magoti nilipiga mimi mwenyewe, na yaliuma. Jumanne ndiyo iliyokuja bila mimi.

#9 Uraka_Baridi
Katekista kapigwa chenga mchana kweupe.

#10 Ustadhi_Mikindani
Assalaam alaykum, na wale wengine habari zenu. Jirani anaruhusiwa kuchungulia? Kwetu sisi swali hili lina mlango wake kwenye fikihi, elimu ya sheria za dini, unaitwa lukata, kitu kilichookotwa. Unakitangaza mwaka mzima. Mwenyewe akitokea, chake. Mama atangaze.

#11 Bint_Shangani
Waalaykum salaam. Ustadhi kwa heshima yote, hapo umepotea njia. Lukata ni kitu usichomjua mwenyewe. Hapa mwenyewe anajulikana, ni chama au benki. Hiyo ni amana, inarudishwa kwa mwenyewe, haina haja ya tangazo la mwaka.

#12 Ustadhi_Mikindani
Umesema kweli binti, naiondoa. Ila kwetu pesa kama ile iliyoingia asubuhi tungeiita riziki. Ya mchana, ngoja ijulikane ni ya nani kwanza.

#13 Kinyonga_wa_Rondo
Niulize swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza. Mama aliombewa mumewe wiki ngapi, na watu wangapi? Hakupona. Akaomba mara moja ada, ikaingia pesa. Tukihesabu iliyogonga shabaha, na zile zilizopita pembeni tuzihesabu. Watu wa kusini wangapi waliomba Jumapili ile na Jumanne yao ikapita kimya? Hao hawafungui uzi. Karani amesha­eleza: mstari umeandikwa mara mbili. Imekwisha.

#14 Salfa_ya_Unga
Wewe Kinyonga huna adabu. Mtu kafiwa unamletea hesabu.

#15 Nesi_wa_Wodi_ya_Watoto
Kinyonga amesema kwa ukali lakini mimi siwezi kumkemea, maana nililiona kwa macho yangu.

Nimefanya kazi hospitali ya misheni huku kwetu miaka tisa. Usiku mmoja wa masika tulikuwa na watoto wawili wa malaria kali, kitanda cha tatu na cha nne. Wote wamepungukiwa damu. Mama wa kitanda cha tatu ni Mkristo, anasali kwa sauti mpaka tulimwomba apunguze. Alfajiri mtoto wake akafumbua macho akaomba uji. Wodi ikaimba. Mama yule ameshuhudia kanisani kwake mara nyingi, na ana haki.

Mama wa kitanda cha nne alikuwa naye anasali usiku kucha. Kimya, kanga usoni. Wa kwake alikwenda saa kumi. Wakati wanaimba, mimi nilikuwa namsaidia kufunga vitu vyake kwenye beseni. Akaniuliza, "Nesi, mimi nilikosea wapi kuomba?" Sikumjibu. Bado nasali, sijaacha, ila kila mtu akishuhudia mimi namwona yule na beseni lake.

Mama wa Bondeni, kama hela ile ni jibu, basi kuna mtu chini ya orodha ambaye jibu lake limekuwa "subiri".

#16 Dereva_Mingoyo
Nesi umenikalisha.

#17 Mzee_wa_Chidya
Vijana, mnagombania neno bila kulitazama. Neno lenyewe "neema" kwetu lina miguu miwili. Mtu wa pwani akisema "mwaka huu wa neema" ana maana mvua imekuja kwa wakati, mikorosho haikupata ugonjwa wa ubwiriunga, ghala limejaa. Ni neno la Kiarabu, ni la shibe na baraka. Watafsiri wa Biblia walipotafuta neno la Kigiriki charis, kipawa cha bure kwa asiyestahili, wakalichukua hilohilo. Tangu hapo Mswahili akisoma "neema" anaona vitu viwili, msamaha na gunia. Mjoli anasimama mguu wa gunia, katekista mguu wa msamaha, na mama amesimama katikati kwa sababu lugha ndiyo iliyomweka hapo.

Na hili ni letu watu wa kusini hasa. Agano Jipya la Kiswahili cha Unguja alilifanyia kazi kubwa Askofu Edward Steere, na huyohuyo ndiye aliyeongoza msafara wa watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, akaanzisha misheni ya Masasi.

#18 Salfa_ya_Unga
Mzee mbona Masasi ilianzishwa na Trevor Huddleston, yule aliyepinga ubaguzi Afrika Kusini? Tulisoma shule.

#19 Mzee_wa_Chidya
Hapana mwanangu. Steere, mwaka 1876. Huddleston alikuja kuwa askofu wa Masasi 1960 mpaka 1968. Katikati yao kuna miaka 84, na kuna Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi mwaka 1926, aliyeingiza jando ndani ya kanisa. Shule mlikuwa mnachungulia mabibo ya mikorosho.

#20 Uraka_Baridi
Mabibo yasisemwe vibaya kwenye uzi huu tafadhali.

#21 Mwalimu_Mgeni
Mimi ni Mlutheri kutoka Kilimanjaro, nafundisha Nanyamba mwaka wa nne, na ming'oko nimeshajifunza kula. Nimefurahi katekista kunukuu Waefeso, maana hapo ndipo Luther aliposimama. Tuligombana na Wakatoliki karne nyingi juu ya kuhesabiwa haki, mpaka Oktoba 31, 1999 kule Augsburg Walutheri na Roma wakatia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa kustahili kwetu.

Lakini ningemwonyesha mama Mathayo 20, vibarua wa shamba la mizabibu. Kuna walioanza alfajiri na walioingia saa kumi na moja jioni, wote wakapewa dinari moja. Wa alfajiri wakanung'unika. Mwenye shamba akasema, "Si halali yangu kutumia vilivyo vyangu kama nipendavyo? Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Mama ameomba saa kumi na moja jioni, baada ya miaka mitatu ya ukimya. Kwa nini asipewe dinari kamili?

#22 Karani_Mstaafu
Mwalimu, soma vizuri. "Vilivyo vyangu." Yule mwenye shamba aliwalipa wa jioni kutoka mfukoni mwake, hakukata posho ya wa alfajiri. Angekata, ingekuwa kesi ya ushirika.

#23 Mwalimu_Mgeni
Hapo nakubali karani. Sikuwahi kuisoma kwa jicho la orodha ya malipo.

#24 Mjoli_wa_Magomeni
Mmejaza vitabu, mama bado ana ada ya kulipa. Neno limesema "mkanijaribu". Mungu mwenyewe ametoa ruhusa ajaribiwe. Imani ni kushika neno na kutenda, basi.

#25 Mzee_wa_Chidya
Kijana, nchi hii imewahi kujaribu. Mwaka 1905, vita vya Majimaji, babu zetu walipewa maji ya mganga Kinjeketile wakaambiwa risasi zitageuka maji. Waliamini kuliko wewe na mimi, maana walikwenda mbele ya bunduki ya Mjerumani. Kinjeketile mwenyewe akanyongwa Mohoro, Agosti ya mwaka huohuo. Na upande wa pili, Agosti hiyohiyo Askofu Cassian Spiss aliuawa akiwa safarini upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Je, wao hawakusali asubuhi ile? Misheni za Lukuledi na Nyangao zikaharibiwa, Masasi ikachomwa. Mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanza upya Ndanda.

Nimelitazama jambo hili miaka mingi. Pande zote zilikuwa na imani, na damu ikamwagika pande zote. Ndiyo maana mtu akiniambia ameijaribu imani na imemlipa, namuuliza kwanza nani alilipia.

#26 Mnyasa_wa_Mtoni
Mzee nimeipenda. Tukirudi kwa mada, salfa mwaka huu imegawiwa wapi? Huku kwetu tumepata nusu.

#27 Salfa_ya_Unga
Njoo chemba Mnyasa, usiharibu uzi wa mama.

#28 Dereva_Mingoyo
Na mimi nina yangu, fupi. Miaka mitano nyuma nilikuwa utingo wa basi la Lindi kwenda Dar. Nikakuta bahasha chini ya kiti, ndani milioni mbili na laki tatu. Mke wangu alikuwa na mimba ya mwezi wa nane, sina hata hela ya beseni. Nikamwita Mungu, nikamwambia wewe ndiye umeiweka? Nikairudisha. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa ufuta. Alihesabu mbele yangu mara mbili, akasema "haya", akaondoka. Soda hakuninunulia. Wenzangu waliniita bwege mpaka nikahama gari.

Watu wakihadithia mambo haya huwa wanamalizia, "na baada ya mwezi Mungu akanifungulia mlango." Mimi sikufunguliwa mlango wowote. Mtoto alizaliwa tukakopa beseni kwa jirani. Udereva nimeupata kwa kusoma na kwa mjomba. Sijui niliirudisha kwa nini. Ila sijawahi kujuta, na hilo nalo silielewi.

#29 Nesi_wa_Wodi_ya_Watoto
Kaka Dereva, nakushukuru kwa kutoiongezea chumvi.

#30 Kinyonga_wa_Rondo
Nimesoma ya nesi na ya dereva mara mbili. Mama wa Bondeni, nikuombe radhi kwa #13. Hesabu bado naisimamia lakini sikuwa na sababu ya kuileta kama bakora.

Nieleze niko wapi. Nilikuwa seminari miaka sita. Nilitoka si kwa msichana kama walivyosema kijijini. Nilitoka kwa sababu nilikuwa nasali na upande wa pili palikuwa kimya, nikamwambia mlezi wangu, akanijibu, "Shaka ni ya shetani, funga siku tatu." Nilifunga siku tatu. Ya nne nikafunga sanduku.

#31 Katekista_Nyangao
Kinyonga, mlezi wako alikosea, na mimi si wa kwanza kusema hivyo. Tomaso alitia shaka mbele ya wenzake kumi, na hakufukuzwa chumbani. Yule baba wa mtoto mwenye kifafa kwenye Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto akaponywa kwa sala hiyohiyo yenye ufa. Na Mama Teresa wa Calcutta, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miaka mingi hakuhisi uwepo wa Mungu. Alikuwa anaosha wagonjwa na ndani ni giza. Kanisa lilimtangaza mtakatifu 2016 likiwa limeshazisoma.

Mama wa Bondeni, midomo inayocheza bila moyo nayo ni sala. Miaka mitatu hukuondoka kwenye benchi.

#32 Kinyonga_wa_Rondo
Katekista, Mama Teresa tunamjua kwa sababu alimaliza mtakatifu. Waliokaa gizani wakaishia gizani wako wengi zaidi. Lakini asante. Ungekuwa mlezi wangu labda ningekaa mwaka wa saba.

#33 Uraka_Baridi
Jamani mimi nilikuja kwa karanga, mnaniliza.

#34 Mama_wa_Bondeni
Nimesoma yote, binti amenisaidia pale simu ilipoganda. Kinyonga mwanangu, hukunikosea. Ulisema ninachojisemea mwenyewe usiku.

Nimekwenda chamani jana. Nilitoka na sala ya asubuhi, nikavaa kanga nzuri, nikapanda bodaboda elfu tatu. Nimefika mlango una kufuli. Karani wamesema yuko msibani Newala, mwenyekiti kaenda mjini kwa mambo ya mnada. Nikakaa chini ya mwembe pale mpaka saa saba. Alikuja mzee mmoja, namjua kwa sura, shamba lake liko upande wa mtoni. Ameshika stakabadhi yake imekunjwa mpaka imechakaa. Akaniuliza, "Na wewe hujalipwa?"

Nilishindwa kumjibu. Nikasema nimekuja kuulizia.

Akasema yeye ana kilo 410, wenzake wote wamelipwa, yeye anaambiwa jina halisomeki.

#35 Karani_Mstaafu
Kilo 410 kwa 3,060 ni 1,254,600. Si kiasi chako mama. Hiyo "jina halisomeki" mara nyingi ni akaunti iliyolala au namba iliyokosewa tarakimu, pesa yake inarudi na kukaa benki. Usijibebeshe mzigo wa mzee kabla hujajua.

#36 Bint_Shangani
Karani lakini wewe mwenyewe #4 ulisema kuna mtu wa chini ya orodha ataambiwa "subiri". Sasa kapatikana, unasema siye?

#37 Karani_Mstaafu
Nilisema kuna mtu. Sikusema ni huyu. Inawezekana ni huyu, inawezekana pengo limegawanyika kwa watu watatu, inawezekana chama kimeziba kwa fedha ya makato na tutaliona kwenye hesabu za mwisho wa msimu. Mpaka orodha ifunguliwe hakuna ajuaye.

#38 Mjoli_wa_Magomeni
Mama, nilipokuwa naandika #3 sikumwona huyo mzee. Nakiri. Ila naomba nisiondolewe kabisa: naamini Mungu alikusikia. Hata ukirudisha yote, alikusikia. Mungu wangu hawezi kusikia magoti ya mjane akanyamaza. Ikiwa njia haikuwa hii basi iko nyingine, na usimalize kuomba.

#39 Kinyonga_wa_Rondo
Hapo ndipo ninapopotezwa. Pesa ikibaki, alisikia. Ikirudi, alisikia. Isingeingia kabisa, mngesema alisikia ila wakati wake bado. Nionyesheni tukio moja ambalo mngesema hakusikia.

#40 Nesi_wa_Wodi_ya_Watoto
Kitanda cha nne.

#41 Katekista_Nyangao
Hata pale mimi nasema alisikia. Siwezi kuthibitisha, na nisingethubutu kumwambia yule mama wakati anafunga beseni.

#42 Mwalimu_Mgeni
Kuhusu ada: shuleni kwetu tulishawahi kuongea na chuo kikakubali malipo kwa awamu. Mama, mwambie binti aandike barua chuoni kwao, aeleze ni mtoto wa mjane, na aulize na halmashauri. Vyuo vingi vinakubali awamu mbili au tatu ukiuliza mapema kabla ya kuripoti. Hili nalo mliite mnavyotaka.

#43 Ustadhi_Mikindani
Sisi tutaliita jirani mwema. Mwalimu, Mola akulipe, pamoja na ming'oko yako.

#44 Salfa_ya_Unga
Mama, na mzee wa mtoni umwambie ukweli au unyamaze?

#45 Mzee_wa_Chidya
Asimwambie bado. Atampa tumaini la pesa ambayo pengine si yake. Aende kwa karani kwanza.

#46 Dereva_Mingoyo
Mimi ningemwambia. Alimwuliza uso kwa uso. Akija kujua baadaye kwamba mama alikaa naye chini ya mwembe na meseji mbili kwenye simu, hata akilipwa hatasahau.

#47 Mama_wa_Bondeni
Jumatatu nakwenda tena, karani atakuwa amerudi msibani. Pesa iko vilevile, sijaigusa hata ya nauli. Na nimemtuma kijana akamwambie mzee tuongozane, tutapanda bodaboda moja mishikaki. Njiani nitaona kama mdomo utafunguka.

Mwalimu, barua binti anaandika sasa hivi, ananiuliza "mjane" iandikwe juu au chini.

Usiku sijaacha kupiga magoti. Siku ya sita leo. Siombi pesa. Nakaa tu pale, magoti yanauma, nasikiliza. Mpaka sasa nasikia panya wa darini na redio ya jirani. Mjoli anasema nilisikika, Kinyonga anasema haijulikani, katekista anasema neema ni magoti. Mimi bado niko na swali langu la kwanza.

#48 Kinyonga_wa_Rondo
Mama, utuandikie Jumatatu. Hata kama ni panya tu.

#49 Uraka_Baridi
Na uje na jina la huyo karani aliyeandika mstari mara mbili, tumpe mke.

#50 Mgeni_Hapa
Samahani wakuu, nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Ni chama gani hicho kinacholipa mara mbili? Nataka kuhamishia korosho zangu.